Gari la kuvuta karavani: Stika ya mlangoni isomwe kabla ya tangazo

WANUNUZI wa magari ya familia nchini Marekani wanaotaka kuvuta karavani ndogo huuziwa zaidi namba moja tu, nayo ni uwezo wa gari kuvuta. Namba hiyo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo, na muuzaji huitaja mapema kabisa mteja anapoingia yadi.

Hata hivyo, namba inayoamua kama familia itasafiri salama ni nyingine, ndogo zaidi, ambayo imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Asiyeisoma anaweza kulipa makumi ya maelfu ya dola na kukuta gari lake haliwezi kubeba watoto na kuvuta karavani kwa wakati mmoja.

Karavani inayozungumziwa hapa ni tela la kusafiria lenye vitanda, jiko na pengine choo. Kwa familia nyingi za Marekani ni njia ya kwenda likizo bila kulipa hoteli, na kwa viwanda vya huko ni biashara kubwa.

SOKO LIMEPOA

Kwa mujibu wa takwimu za chama cha watengenezaji wa vyombo hivyo, RVIA, viwanda vilisafirisha kwa mawakala zaidi ya vyombo 600,000 mwaka 2021. Idadi hiyo ilikuwa rekodi, na inajumuisha pia mabasi ya kulala yenye injini zake.

Mwaka 2022 idadi ilishuka hadi takriban 493,000, na mwaka 2023 ikawa 313,000 tu, kabla ya kupanda kidogo hadi karibu 334,000 mwaka 2024. Riba za mikopo zilikuwa zimepanda, na yadi za mawakala zilikuwa bado zimejaa bidhaa za miaka ya nyuma.

Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba karavani zilizotengenezwa wakati wa rekodi hiyo sasa zinauzwa zikiwa zimetumika, na nafasi ya kupatana bei ipo. Hatari ni kuvutiwa na bei ya karavani kabla ya kujua gari lililopo nyumbani linamudu nini.

Sehemu kubwa ya vyombo hivi hutengenezwa katika eneo la Elkhart, jimbo la Indiana. Vipo pia viwanda vya sehemu nyingine, kama Airstream wa Jackson Center, Ohio, wanaojulikana kwa karavani za alumini, na Scamp wa Backus, Minnesota, wanaotengeneza karavani ndogo za faiba.

Ukubwa unatofautiana sana. Scamp ya futi 13 ikiwa tupu ina uzito wa kati ya paundi 1,200 na 1,500, yaani kilo 540 hadi 680. Airstream Bambi ya futi 16 imeruhusiwa kufika paundi 3,500, sawa na kilo 1,588, ikiwa imejazwa kila kitu.

JINA MOJA, UWEZO MBALIMBALI

Kosa la kwanza sokoni ni kuamini jina la gari. Toyota RAV4 za miaka ya 2019 hadi 2025 zilizouzwa Marekani ni mfano mzuri.

RAV4 ya kawaida ya petroli iliruhusiwa kuvuta paundi 1,500, sawa na kilo 680. Ile ya haibridi iliruhusiwa paundi 1,750, wakati toleo la Adventure lilipewa paundi 3,500. Kwa mtu anayepita barabarani magari yote matatu yanafanana, lakini la mwisho linavuta zaidi ya mara mbili ya la kwanza.

Hali kadhalika, Toyota Highlander ya toleo lililoanza mwaka 2020 iliruhusiwa paundi 5,000 ikiwa na injini ya petroli, na paundi 3,500 ikiwa haibridi. Honda Pilot ya toleo la mwaka 2023 ina paundi 5,000 ikisukumwa na magurudumu yote manne, na 3,500 ikisukumwa na mawili.

Kwa upande wa minivani, ambazo kwa umbo na kazi zinalingana na Noah wa mitaa ya Dar es Salaam, Toyota Sienna ya haibridi iliyoanza mwaka 2021 na Honda Odyssey zimeruhusiwa paundi 3,500. Chrysler Pacifica ya petroli hufika 3,600 ikiwa na vifaa vya kiwandani vya kuvutia, lakini ndugu yake ya haibridi haikuruhusiwa kuvuta tela kabisa.

Magari makubwa yaliyojengwa juu ya chesisi kama ya lori, mfano Chevrolet Tahoe, huvuka paundi 8,000 yakiwa na vifaa vinavyotakiwa. Lakini bei yake ni kubwa, na mafuta hayo mengi mwenye gari atayalipia hata siku anazopeleka watoto shule bila tela.

NAMBA YA TANGAZO IMEPATIKANAJE

Hadi miaka ya 2000, kila kiwanda kilikuwa kikijipimia na kujitangazia. Mwaka 2008 wahandisi wa magari wa Marekani walitoa kipimo kimoja kinachoitwa SAE J2807, na Toyota ikawa ya kwanza kukifuata kwa magari yake ya mwaka 2011. Wengine walifuata baadaye.

Kipimo hicho ni kigumu. Gari na tela hupandishwa mlima wa Davis Dam huko Arizona, barabara ya kilometa zipatazo 18, katika joto la nyuzi 38 na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Mwendo hautakiwi kushuka chini ya kilometa 64 kwa saa, na injini haitakiwi kuchemsha.

Jambo ambalo matangazo hayalisemi ni kwamba ndani ya gari hilo huhesabiwa watu wawili tu, kila mmoja kilo 68. Hakuna watoto watatu kiti cha nyuma, hakuna jokofu la barafu wala mabegi, na hakuna baiskeli.

Kila kilo inayoongezwa juu ya watu hao wawili hula sehemu ya uwezo uliotangazwa. Hapo ndipo stika ya mlangoni inapoingia.

STIKA INASEMA NINI

Stika hiyo hutakiwa na sheria ya usalama ya serikali ya Marekani. Pamoja na upepo wa matairi, inataja uzito wa juu kabisa wa watu na mizigo yote ambayo gari hilo linaweza kubeba. Namba hutofautiana hata kati ya magari mawili ya aina moja, kwa kuwa dirisha la paa au viti vya ngozi vya kiwandani navyo vina uzito wake.

Wanunuzi wengi hudhani karavani haihusiki na namba hiyo, kwa sababu ina magurudumu yake. Ukweli ni kwamba sehemu ya mbele ya karavani hukaa juu ya chuma cha kukokotea cha gari, na uzito huo wa shingo ni mzigo wa gari kama ulivyo mzigo wa buti.

Kwa matela ya Marekani, uzito wa shingo unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Ukipungua, tela huanza kuyumba mkia barabarani, na mkia ukishika kasi unaweza kulivuta gari nje ya njia.

Ukizidi, nyuma ya gari hulala na mbele huinuka. Matairi ya mbele, ambayo ndiyo yanayoongoza na kufanya kazi kubwa ya breki, hupungukiwa na uzito. Dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi, na usiku taa zake huwapiga usoni wanaokuja mbele.

HESABU YA FAMILIA YA WATU WATANO

Chukua mfano wa gari lililotangazwa kuvuta paundi 5,000 (kilo 2,268), ambalo stika yake inaruhusu watu na mizigo ya kilo 560.

Baba ana kilo 85, mama 70, na watoto watatu kilo 45, 35 na 25. Jumla ya watu ni kilo 260. Mabegi na jokofu la barafu ni kilo 60, na chuma cha kukokotea pamoja na kichwa chake cha mviringo ni kilo 25. Hadi hapo zimetumika kilo 345, na zimebaki 215.

Wakivuta karavani ya kilo 1,588, yenye uzito wa shingo wa asilimia 13, shingo hiyo itachukua kilo 206. Bakaa ni kilo 9. Safari inawezekana, lakini baiskeli mbili na kibebeo chake nyuma ya gari zitavunja hesabu.

Wakivuta karavani ya kilo 2,268, ambayo ndiyo namba ya tangazo, shingo itakuwa kilo 295. Gari litakuwa limezidishwa kilo 80, ingawa muuzaji hakusema uongo wowote.

Wakichagua karavani ya kilo 1,000 ikiwa imejazwa, shingo itakuwa kilo 130, na familia itabakiwa na kilo 85 za kuongeza wanachotaka. Kwa gari hilo na watu hao, hapo ndipo penye nafasi ya kupumua.

Somo la hesabu hii ni kwamba kwa gari la familia, uwezo wa kubeba huisha kabla ya uwezo wa kuvuta. Anayesafiri na mke tu anaweza kuikaribia namba ya tangazo. Mwenye watoto watatu hawezi.

UZITO MKAVU USIWADANGANYE

Upande wa karavani nako kuna namba mbili. Vipeperushi hupenda kutaja uzito mkavu, yaani karavani inavyotoka kiwandani bila maji, bila gesi na bila vyombo.

Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 75 ni kilo 75. Mtungi wa gesi wa kawaida wa Marekani, unaoitwa wa paundi 20, ukijaa huwa na uzito wa kilo zipatazo 17 pamoja na chuma chake. Weka betri ya kilo 25, kisha vyakula, sufuria, matandiko, viti na hema la kivuli, kwa makadirio kilo 120.

Karavani iliyoandikwa kilo 1,250 kwenye kipeperushi itaingia barabarani ikiwa na karibu kilo 1,490. Kwa sababu hiyo mnunuzi anashauriwa kupiga hesabu kwa uzito wa juu ulioruhusiwa, ambao huandikwa kwenye bamba la karavani yenyewe, na kuuacha uzito mkavu kwa wauzaji.

BREKI, UPEPO NA MILIMA

Sheria za breki za matela hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. California hutaka karavani yenye uzito wa paundi 1,500 au zaidi iwe na breki zake, na gari lolote linalovuta tela huko halitakiwi kuzidi maili 55 kwa saa, sawa na kilometa 88.

Breki za karavani nyingi za Marekani ni za umeme. Ili zifanye kazi, gari linahitaji kifaa cha kuziongoza karibu na dereva na soketi ya pini saba. Soketi ya pini nne, ambayo magari mengi yaliyotumika huuzwa nayo, hupeleka taa tu.

Aidha, upepo una gharama yake. Karavani ndefu kwenda juu ni kama ukuta unaosukumwa hewani, na nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Anayetoka maili 55 kwenda 70 huongeza ukinzani huo kwa zaidi ya asilimia 60. Vitabu vya baadhi ya magari huweka hata kikomo cha ukubwa wa uso wa tela, mbali na uzito.

Magari ya umeme hayakwepi hali hiyo. Tesla Model Y imeruhusiwa paundi 3,500 na injini yake haisumbuki kuvuta, lakini karavani inaweza kupunguza umbali wa chaji moja hadi karibu nusu. Familia inayokwenda mbali itasimama mara mbili zaidi, na vituo vingi vya chaji vilijengwa bila nafasi ya tela.

Wakati huo huo, wanaokwenda milimani wakumbuke kuwa injini isiyo na taibo hupoteza nguvu kadiri hewa inavyokuwa nyepesi. Kwenye handaki la Eisenhower, Colorado, lililo kwenye kimo cha mita 3,400, upungufu huo ni zaidi ya robo.

NAMBA ZA NCHI MOJA HAZIHAMISHWI

Mara nyingi gari lile lile hutangazwa Ulaya kuwa linavuta zaidi kuliko Marekani. Si kwamba chuma cha Ulaya ni kigumu zaidi. Uingereza, kwa mfano, uzito wa shingo unaoshauriwa ni kati ya asilimia 5 na 7, na mwendo wa juu wa gari lenye karavani ni maili 60 kwa saa hata kwenye barabara kuu. Kwa shingo nyepesi na mwendo mdogo, namba ya kuvuta inaweza kupandishwa.

Waingereza wana kanuni nyingine inayofaa kwa wanaoanza: karavani iliyojazwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linaloivuta. Si sheria, ni ushauri.

Suala hili linawagusa pia waagizaji wa Dar es Salaam na Mombasa. Toyota Kluger waliyoizoea kutoka Japan ni ndugu wa Highlander wa Marekani, lakini namba za kuvuta za Highlander si za Kluger. Kiwanda kinaweza kutoa gari la umbo moja likiwa na rejeta, springi na giaboksi tofauti kulingana na soko.

Nchini Japan, leseni ya kawaida huruhusu kuvuta tela lisilozidi kilo 750 kwa uzito wote, na zaidi ya hapo dereva hutakiwa kuwa na leseni maalumu. Kwa hiyo si ajabu magari ya familia kutoka huko kufika bandarini bila chuma cha kukokotea. Anayetaka kukichomelea gereji hapa na kuvuta tela zito kwa kufuata kitabu cha Marekani atambue kuwa anatumia kibali kilichotolewa kwa gari jingine.

KABLA YA KULIPA

Gharama ya kuvuta haiishii kwenye bei ya gari. Chuma cha kukokotea, nyaya, soketi na kifaa cha breki hugharimu mamia ya dola vikifungwa baada ya kununua. Gari lililotoka kiwandani na vifaa hivyo, na pengine kipozeo cha ziada cha oili ya giaboksi, linaweza kuwa rahisi zaidi hata kama bei yake imepanda kidogo.

Chuma chenyewe pia kina kikomo chake. Kile cha daraja la pili kinakubali paundi 3,500 na shingo ya paundi 350. Kufunga chuma cha daraja la juu hakuongezi uwezo wa gari, kwa kuwa namba ndogo kuliko zote katika mnyororo huo ndiyo inayofuatwa.

Kwa karavani iliyotumika, tarehe ya matairi isomwe. Tarakimu nne za mwisho ubavuni huonyesha wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la karavani huzeeka kwa kusimama, hivyo kashata nzuri si ushahidi wa uzima.

Mwisho kabisa, mizani ipo. Vituo vya malori Marekani vina mizani za umma ambazo hupima kila ekseli kwa malipo madogo. Familia ipakie kila kitu, iingie garini yote, na kupima mara mbili, kwanza na karavani, kisha bila karavani. Tofauti ya vipimo viwili vya ekseli za gari ndiyo uzito wa shingo, na hapo ubishi wote na muuzaji umekwisha.

KWA UFUPI

Familia ya watu wanne au watano, karavani isiyozidi kilo 1,000 ikiwa imejazwa: minivani au gari lililoruhusiwa paundi 3,500 linatosha, stika ikiruhusu.

Karavani ya kilo 1,000 hadi 1,600: gari lililoruhusiwa paundi 5,000, lenye stika ya kilo 560 au zaidi, soketi ya pini saba na kifaa cha breki.

Karavani inayozidi kilo 1,600 pamoja na watoto watatu: gari la chesisi, au karavani ipunguzwe ukubwa. Kwa familia nyingi, kupunguza karavani ndiko kunakookoa fedha zaidi.